Kreti za Bia Ndani ya Nyumba Zinazotikiswa na Ardhi

Ndugu Mhariri,

Kila ufikapo mwezi Septemba, watu wa mkoa wetu wa Kagera hukumbuka tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, na mazungumzo yanayofuata huwa ni ya kuta, misingi, linta na tofali. Sina ugomvi na mazungumzo hayo, kwa kuwa nyumba zilizoanguka siku ile zilikuwa za tofali na udongo, na zilianguka juu ya watu. Lakini mimi ni fundi seremala hapa Bukoba. Kazi yangu ni kutengeneza na kufunga makabati ndani ya nyumba ambazo kuta zake zimekwisha kusimama, na kwa jicho la kazi hiyo naona kwamba tumejenga upya nyumba nyingi bila kufikiria upya namna tunavyopanga vitu ndani yake. Naomba nafasi katika gazeti lako niandike juu ya kitu kimoja tu kati ya hivyo, nacho ni bia ya chupa inayohifadhiwa nyumbani.

Najua wapo wasomaji watakaoliona jambo hili kuwa dogo mno kwa ukurasa wa barua, na wapo wengine ambao kwa imani zao hawapendi kusoma hata habari ya kinywaji hicho. Kwa hawa wa pili nasema kwamba karibu yote nitakayoyaeleza yanazihusu pia soda za chupa, na mwenye kreti za soda barazani hana usalama kuliko jirani yake mwenye bia. Wale wa kwanza nawaomba wapite katika nyumba za mji wetu siku chache kabla ya Krismasi, wakati ndugu wanaporudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Arusha, au waitembelee familia yoyote inayojiandaa kwa harusi, kipaimara au sherehe ya kumuaga binti. Bia hununuliwa kwa kreti kutoka kwa wakala kwa sababu bei ya jumla ni nafuu, na huletwa mapema kwa hofu kwamba karibu na sikukuu itaadimika. Ikifika, huingizwa popote penye nafasi: koridoni, chumba cha watoto, nyuma ya mlango wa sebule. Sherehe ikiisha, chupa tupu hubaki palepale, kwa kuwa asiye na chupa tupu hudaiwa fedha ya chupa na ya kreti pindi anaponunua tena, na hakuna anayependa kuitoa fedha hiyo mara mbili. Ndiyo maana nyumba isiyo na mlevi hata mmoja inaweza kukaa na vioo vya kujaza mkokoteni mwaka mzima. Sijawataja bado wenye grosari katika chumba cha mbele, ambao hulala chumba cha pili huku ukuta mmoja tu ukiwatenganisha na bidhaa zao.

Kreti moja ya chupa 20 za nusu lita, ikiwa imejaa, ina uzito wa takriban kilo 20. Zikipandanishwa nne, ni kilo 80 za vioo na kimiminika, na ile ya juu kabisa inafika usawa wa kifua cha mtu mzima, ambao ndio usawa wa kichwa cha mtoto wa shule ya msingi. Hakuna fundi mwenye akili timamu ambaye angeegemeza mzigo wa namna hiyo ukutani bila kuufunga, kama ungekuwa mzigo wa mbao. Kwa kuwa ni bia, na kwa kuwa itanyweka baada ya muda, tunauona kama mgeni wa muda mfupi na hatuufungi kwa chochote.

Tetemeko la 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na lilianzia takriban kilomita 40 chini ya ardhi, upande wa Missenyi. Kina hicho kikubwa ni sababu mojawapo iliyofanya mtikisiko usikike mbali, hadi Uganda, Rwanda na Burundi. Watu wasiopungua 16 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, nyumba nyingi ziliharibika, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zilifungwa kwa sababu majengo yake hayakukalika tena. Jambo moja ambalo halisemwi sana ni saa. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri hivi, wakati watu wako macho na wengi wako nje, shambani, sokoni au kiwanjani. Mtikisiko uleule ungekuja saa nane usiku, kila aliyelala kando ya rundo la kreti angekuwa gizani, bila viatu, katikati ya chupa zilizovunjika, akitafuta mlango.

Mfano wa usiku upo, ingawa ni wa mbali na ni wa mvinyo. Tarehe 24 Agosti 2014, eneo la Napa katika jimbo la California nchini Marekani, ambalo ni maarufu kwa mashamba ya zabibu, lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 6.0, karibu sawa na letu, ila lenyewe lilianzia karibu zaidi na uso wa dunia. Ilikuwa yapata saa tisa na dakika ishirini usiku. Mapipa yaliyokuwa yamepangwa kwa ghorofa ndani ya maghala yaliporomoka, na chupa zilizokuwa kwenye rafu za maduka na za nyumba za watu zikamwagika sakafuni. Maghalani hapakuwa na wafanyakazi saa ile, na hiyo ilikuwa bahati kubwa. Nyumba zetu hazina bahati kama hiyo, kwa sababu ghala letu ni chumba tunacholala.

Na asitokee mtu wa kusema kwamba la kwetu limekwisha kupita. Tawi la magharibi la Bonde la Ufa linapita Ziwa Albert, Ziwa Edward, Ziwa Kivu, Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na pembezoni mwake mna miji mingi inayosoma gazeti hili au inayozungumza lugha yake. Rukwa ilitikiswa mwaka 1910 na tetemeko la ukubwa wa zaidi ya 7, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa barani Afrika. Mwezi Machi 1966 lilitokea la Toro, magharibi mwa Uganda, lililoua zaidi ya watu 100. Desemba 2005 likatokea la Ziwa Tanganyika, lililotikisa Kalemie na Kigoma. Februari 2008 ilikuwa zamu ya Bukavu na ya ndugu zetu wa ng'ambo ya pili ya Ziwa Kivu nchini Rwanda, na Mei 2021, baada ya mlima Nyiragongo kulipuka, ardhi ya Goma iliendelea kutetemeka kwa siku kadhaa mfululizo. Mji wa Bukavu una kiwanda cha bia, na bia ya huko huuzwa katika chupa kubwa kuliko zetu, kwa hiyo yule mwenye kreti chumbani kwake kule ana kila sababu ya kusikiliza ninayoyaeleza hapa.

Ardhi inapotetemeka huenda huku na kule kwa ghafla, na vitu vilivyo juu yake hubaki nyuma kidogo na kisha kuburutwa. Kitu kifupi na kipana huteleza tu. Kitu kirefu chenye kitako chembamba hupinduka. Chupa ya bia ya nusu lita ina kitako cha sentimita 7 hivi na urefu unaozidi mara tatu ya hapo, kwa hiyo ikisimama peke yake juu ya rafu laini iko tayari kupinduka kwa mtikisiko usioweza hata kupasua plasta. Ikiwa ndani ya kreti hali ni tofauti, kwa sababu kila chupa imo katika chumba chake, na kuta za plastiki huizuia isigongane na mwenzake wala isilale. Kwa maoni yangu kreti ya kiwandani ndiyo kifaa bora kuliko vyote ambavyo mwananchi wa kawaida anaweza kupata kwa ajili ya kuhifadhi chupa mahali penye matetemeko, bora hata kuliko makabati ninayoyatengeneza mimi. Shida huanza tunapozitoa chupa humo na kuzipanga kwa urembo, au tunapozipandanisha kreti zenyewe hadi dirishani.

Kuna jambo jingine linaloifanya bia isiwe sawa na chupa ya mafuta ya kupikia au ya asali. Ndani yake mna gesi ya ukaa iliyoyeyushwa, nayo husukuma kioo na kizibo saa zote. Bia ikiwa baridi ya jokofu, gesi nyingi hubaki ndani ya kimiminika na msukumo wake ni mdogo. Ikikaa katika chumba chenye joto la nyuzi 27 au 28, msukumo huo hupanda mara tatu au zaidi na kufikia kiasi kilicho ndani ya tairi la gari dogo. Chupa ya namna hiyo ikianguka kwenye saruji haivunjiki kimyakimya. Hupasuka na kurusha vipande. Tena chupa zetu ni za kurudishwa kiwandani. Huoshwa, hujazwa na kusafirishwa mara nyingi, na msomaji akiitazama yoyote ataona pete mbili za mikwaruzo myeupe, moja karibu na bega na nyingine karibu na kitako, mahali zinapogusana zikiwa njiani. Kioo kilichokwaruzwa hupoteza sehemu ya nguvu zake. Chupa iliyozunguka kwa miaka haina uvumilivu wa chupa mpya, na hakuna njia ya kujua kwa macho imezunguka mara ngapi.

Kutokana na hayo, kanuni yangu kwa wateja ni kwamba bia ikae chini, ndani ya kreti yake, mahali pa baridi. Chini maana yake ni sakafuni kabisa, wala si juu ya kabati la nguo, juu ya jokofu au kwenye dari. Kreti zisizidi mbili kwa kupandana ndani ya nyumba ya kuishi, na ya juu ikae sawasawa ili kitako chake kiingie kwenye kingo za ile ya chini kama kiwanda kilivyokusudia. Kreti za viwanda viwili tofauti mara nyingi haziingiliani, na kuzipandanisha ni kujidanganya. Zisogezwe kwenye kona ili kuta mbili zizizuie, kisha zifungwe pamoja kwa kamba ya katani au mkanda wa kufungia mizigo wa pikipiki, ambao kila bodaboda anao. Mwenye kreti sita ni heri azipange tatu tatu kwa safu mbili za chini kuliko kuzisimamisha kwa mnara mmoja. Zitakula nafasi, ni kweli.

Kona yenyewe nayo ichaguliwe kwa akili. Isiwe koridoni wala karibu na mlango wa kutokea, kwa sababu kreti moja ikiteleza nusu mita inaweza kuuzuia mlango unaofunguka kwa ndani, na wote waliomo wakabaki humo. Isiwe upande wa kichwa cha kitanda. Uvunguni mwa kitanda watu wengi hupapenda kwa kuwa ni chini, pana giza na hapaonwi na wageni, lakini mimi sipashauri, kwani mtu anayeamka kwa mshtuko huteremsha miguu palepale. Isiwe karibu na jiko, mtungi wa gesi, taa ya kandili au dumu la mafuta ya taa. Bia yenyewe haiwaki moto, lakini kreti inayoteleza inaweza kuangusha kinachowaka, na aliyekwisha kukanyaga kioo hawezi kukimbilia moto kwa wepesi. Nyumba yenye stoo ya nje, hata kama ni ya mabati, imekwisha kulitatua nusu ya tatizo hili, mradi jua lisiichome mchana kutwa.

Nyumba nyingi za mjini, hata hivyo, zina kabati la sebuleni lenye vioo mbele, ambamo chupa chache hupangwa pamoja na bilauri ili mgeni azione. Hapa nazungumza juu ya kazi yangu mwenyewe. Makabati mengi tunayoyauza hufungwa kwa sumaku ndogo, na sumaku hiyo imewekwa ili mlango usijifungue kwa upepo, haikuwekwa kwa ajili ya kuzuia chupa kumi zinazousukuma kutoka ndani. Badala yake ifungwe kulabu au komeo dogo linalohitaji kidole kulifungua. Ni kazi ya muda mfupi, na vifaa vyake vinapatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Kila rafu iwekewe ukingo wa mbao mbele, wenye kimo cha sentimita 4 au 5, na kama inawezekana chupa zipangwe ndani ya boksi lenye vigawanyiko au ndani ya trei ya plastiki yenye kuta. Kitambaa cha plastiki kinachong'aa, ambacho kina mama wengi hukitandika kwenye rafu kwa ajili ya usafi, kiondolewe katika rafu ya chupa, kwa sababu huteleza kupita kiasi. Kipande cha mpira wa kukanyagia, upande wa mikwaruzo ukiwa juu, kinashika vizuri zaidi. Chupa nzito zikae rafu ya chini kabisa, na juu vibaki vitu vya plastiki na nguo.

Kabati lenyewe lifungwe ukutani. Huko Japani kufunga makabati na rafu kwenye kuta ni jambo la kawaida kabisa katika nyumba za watu, kwa sababu wamejifunza kwa uchungu kwamba majeruhi wengi katika matetemeko huangukiwa na samani hata pale nyumba inaposimama imara. Vipande viwili vya chuma vilivyopindwa pembe, skrubu ndefu na fisha za kuzishika skrubu hizo ukutani vinatosha kwa ukuta wa tofali za saruji. Kwa ukuta wa tofali za udongo usiochomwa sisemi hivyo hata kidogo. Skrubu humo hukaa kama imeshika, na siku ya siku hutoka na kipande cha udongo. Katika nyumba za namna hiyo, ambazo bado ni nyingi vijijini kwetu, nashauri kabati refu lisiwepo kabisa katika chumba cha kulala, na mahali pake liwekwe sanduku pana la mbao lenye kifuniko na hasp ya kufungia, lisilozidi usawa wa goti. Mafundi wenzangu hawatanipenda kwa kuandika hivyo, maana sanduku halina faida ya kabati.

Jokofu linastahili maneno machache ya peke yake. Chupa zilizomo ni baridi na msukumo wake ni mdogo, hilo ni jema, ila mlango wa jokofu hushikwa na mpira wenye sumaku tu, na sisi huujaza mlango huo chupa ndefu kwenye kile kirafu cha pembeni. Mtikisiko wa kwanza huufungua mlango, wa pili humwaga vyote. Chupa ziwekwe chini kabisa, kwenye droo ya mboga au rafu ya mwisho, na mlangoni vibaki vitu vyepesi. Jokofu lenye magurudumu liwekewe vizuizi, na juu yake pasiwekwe chochote cha kioo. Wapo wanaosahau chupa kwenye sehemu ya kugandishia, na hao hawahitaji tetemeko, kwa kuwa bia ikiganda hutanuka na kuipasua chupa yenyewe.

Baridi na giza, kwa bahati nzuri, vinamfaa pia anayejali ladha. Mwanga wa jua huharibu kitu kilichotokana na humle, yaani maua yanayoipa bia uchungu wake, na kuifanya inuke vibaya, na chupa ya kahawia huzuia mwanga huo vizuri kuliko ya kijani au nyeupe. Chupa isimamishwe wima, isilazwe kama mvinyo. Ikisimama haibingiriki, na bia inakuwa na eneo dogo tu linaloguswa na hewa iliyobaki shingoni. Hivyo basi anayefuata ushauri wa usalama hapotezi ubora wa kinywaji chake, na huyo anayezipanga chupa za kijani juu ya kabati mbele ya dirisha anapoteza vyote viwili.

Kuhusu rubisi na pombe nyingine zinazotengenezwa nyumbani, naomba kueleweka vizuri, kwa sababu naiheshimu kazi hiyo ya wazee wetu. Pombe ambayo bado inachacha haipaswi kufungwa ndani ya chupa ya kioo yenye kizibo cha kukaza. Uchachu unaendelea kuzalisha gesi ndani, hakuna anayeipima, na chupa kama hiyo inaweza kupasuka siku tulivu isiyo na mtikisiko wowote. Ikae katika dumu la plastiki au chombo chake cha asili chenye mahali pa kupumulia.

Sasa ardhi ikianza kutetemeka, mtu asikimbilie bia. Naandika hivi kwa kuwa nimekwisha kuwasikia watu wazima wakisimulia kwa fahari jinsi walivyolikumbatia jokofu au kuzuia kreti kwa mikono yao ili zisianguke. Kilo 80 zinazotembea hazizuiwi kwa mikono. Aliye ndani asogee mbali na rafu, ainame, ajikinge kichwa chini ya meza imara na aishikilie hadi mtikisiko utulie; aliye hatua moja au mbili kutoka mlangoni, katika nyumba ya udongo, ana haki ya kutoka.

Mtikisiko ukitulia, kitu cha kwanza ni viatu. Kila mwanafamilia awe na viatu vya kufunika mguu karibu na kitanda, vimewekwa kichwa chini ili vigae visiingie, pamoja na tochi. Mshumaa usiwashwe kabla ya kuhakikisha kwamba mtungi wa gesi hauvuji. Sakafu yenye bia huteleza na pia hupitisha umeme, kwa hiyo kama imemwagika karibu na soketi au waya wa jokofu, umeme uzimwe kwenye swichi kuu, na mwenye kuizima asiwe amesimama kwenye maji hayo. Watoto wabaki nje. Vipande vikubwa viokotwe kwa glavu nene au koleo, na vile vidogo visivyoonekana vinaswe kwa gazeti lililoloweshwa maji au kitambaa kilicholowa ambacho kitatupwa baadaye, kwani ufagio peke yake huvisambaza. Haya yote yafanywe kwa haraka na kwa vituo, kwa sababu tetemeko kubwa hufuatwa na mengine madogo, na kreti iliyobaki imeinama nusu inaweza kumalizwa na hilo dogo.

Chupa zilizosalimika zichunguzwe moja moja kwenye mwanga. Yenye ufa, yenye mdomo uliomeguka au yenye kizibo kilicholegea isinywewe, hata kama sherehe ni kesho, maana kigae kimoja kilichodondokea ndani hakionekani kwenye bia ya rangi ya dhahabu. Zilizo nzima zisimamishwe mahali pa baridi hadi kesho yake kabla ya kufunguliwa. Kutikiswa hakuongezi gesi ndani ya chupa, kama wengi wanavyodhani, bali huacha mapovu madogo mengi ambayo huruka yote kwa pamoja kizibo kinapoondolewa, na kuifungua chupa kama hiyo ukiwa umeielekeza usoni ni kutafuta jeraha.

Nina ombi moja kwa mawakala wa vinywaji wa mkoa huu, na kwa wenzao wa Kigoma, Rukwa na Mbeya. Chupa tupu zinakaa majumbani mwetu kwa miezi kwa sababu kuzirudisha bila kununua ni usumbufu: mwananchi hutakiwa kulipia usafiri wake, na mara nyingine huambiwa kwamba tupu hazipokelewi hadi aje kununua zilizojaa. Gari linaloleta mzigo mwezi Desemba lingepita tena Januari na kukusanya kreti tupu mtaani, likitoa risiti au kurudisha fedha ya dhamana, sehemu kubwa ya vioo vilivyorundikana koridoni mwetu ingeondoka bila mtu kuhubiriwa. Gari hilo lishushe pia kreti kwa wateja zikiwa mbili mbili, zimewekwa sakafuni, na kijana anayezishusha afundishwe kuuliza mlango uko wapi na watoto wanalala wapi kabla hajazipandanisha. Kwa upande wangu, kabati lolote la vinywaji litakalotoka katika karakana yangu litakuwa na komeo na ukingo wa rafu ndani ya bei ileile, na mteja asiyeyataka itabidi ayang'oe mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi seremala,
Bukoba, Kagera